Utajuaje leo Dar kuna nini: bendi, taarab, singeli, filamu na maonyesho kwa mwenye mfuko wa kawaida

Wakuu, kila ikifika Ijumaa mchana lazima mtu aulize kwenye grupu "jamani leo kuna nini mjini zaidi ya bar na mpira?" af majibu ni yaleyale, nenda Coco kale mihogo, nenda Mlimani City uzunguke urudi. Wakati jiji hili hili karibu kila siku kuna mtu anapiga gitaa mahali, kuna filamu inaonyeshwa bure ukumbini na viti vingi vimebaki vitupu, kuna mchoraji kafungua maonyesho na wanaoenda ni marafiki zake tu. Shida ni moja, hamna sehemu moja yalipoandikwa yote. Kwaiyo ujanja wote uko kwenye kujua unatafuta wapi, unafika saa ngapi na unabeba hela ya aina gani. Haya nayaandika kwa mtu anayepanda daladala na mwendokasi, wale wa kufungua meza VIP nyie mna watu wenu wa kuwapigia simu.

Cha kwanza kabisa, fuata bendi usifuate ukumbi. Hili ndo watu wengi hawalielewi. Kumbi za Dar zinahama, zinafungwa, zinabadilisha jina, zinakuwa godauni, zinakuwa kanisa, af baada ya mwaka zinarudi kuwa ukumbi tena. Miaka ile ukisema Mango Garden Kinondoni kila mtu alijua unaongelea Twanga Pepeta, ukisema DDC Kariakoo ni Sikinde, ukisema Travertine Magomeni akili inaenda kwenye taarab moja kwa moja. Sasaivi ukienda kwa mazoea ya jina la ukumbi unaweza kukuta watu wanafunga harusi. Ila bendi yenyewe ipo, na ina ratiba ya wiki, Ijumaa wako huku, Jumamosi kule, Jumapili jioni sehemu nyingine. Ingia Insta tafuta ukurasa wa bendi au wa mwimbaji au hata wa mpiga solo, af usiishie kwenye zile picha zilizopostiwa kawaida, angalia stori, maana bango la leo linawekwa leo mchana na kesho halipo. Na kwenye bango kuna namba ya simu. Ipige. Sijui kwanini watu wanaogopa kupiga simu, unauliza tu "shoo ya leo ipo? mnaanza saa ngapi? kiingilio?" wanakujibu vizuri tu, na mara nyingi unaambiwa jambo ambalo bango halijasema, mfano kwamba leo wanapiga kwenye harusi ya mtu kwaiyo ukumbini hawapo.

Af kuna njia ya zamani ambayo bado inafanya kazi kuliko intaneti. Gari la matangazo. Likipita mtaani kwenu na spika juu tega sikio, hizo ni shoo za uswahilini ambazo huwezi kuziona Insta hata siku moja. Na redio, hasa kama unapenda singeli basi EFM ndo walioushikia bango muziki huo kuliko redio nyingine nyingi, wanatangaza wapi kuna nini. Njia nyingine ni kumuuliza bodaboda wa kijiweni kwenu, huyo ndo anayewapeleka watu usiku kwaiyo anajua kila kona inayowaka.

Ukishaijua shoo ipo, swali linalofuata ni muda, na hapa ndo wageni wanapoumia. Bango likiandika saa 2 usiku maana yake ni kwamba saa 2 mageti yamefunguliwa na jamaa wa mitambo anafunga nyaya. Bendi itaanza kupasha saa 3 na nusu hivi kwa vyombo vitupu, wanamuziki wadogo wanatangulia kuimba, wale wenye majina yao wanapanda saa 4 kwenda saa 5. Sasa unaweza kusema basi nifike saa 5, hapana, kwasababu kuna ile "bure kabla ya saa 3" au "kiingilio kinywaji chako", ambayo ukiiwahi unaingia kwa bei ya soda. Kwa bendi za kawaida kiingilio mara nyingi ni elfu 5 au 10, sio hela nyingi lakini mkiwa wanne ishakuwa kitu. Mi ushauri wangu wahi, kaa karibu na spika lakini sio mbele yake, agiza soda moja uizungushe. Ile saa ya kupasha vyombo ni tamu kivyake, unamsikia mpiga besi akiwa peke yake kabla kelele hazijaanza.

Tofauti ni shoo za Jumapili, zile bonanza za mchana mpaka jioni, hizo zinaanza mapema na zinaisha mapema kwasababu kesho ni kazi. Kama una familia au huna hamu ya kukesha anza na hizo. Na vile vituo vya utamaduni vya Upanga, yani Goethe-Institut pale Alykhan Road na Alliance Française upande wa Ali Hassan Mwinyi Road, hao wakikuandikia saa 1 usiku ni saa 1 kweli, ukifika saa 2 na nusu umekuta watu wanakunja viti. Nimeona watu wanalalamika mlangoni, sasa walaumiwe nani.

MSONDO, SIKINDE NA WENGINE

Kama hujawahi kusikiliza muziki wa dansi laivu anzia hapa, usianzie kwenye bendi za lounge. Msondo Ngoma ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ndo ikaja kuwa Msondo. Sikinde yani Mlimani Park Orchestra ilianza 1978 na ndo watani wao wa jadi, mtu akiwa Msondo hawezi kuisifia Sikinde mbele za watu hata kama nyumbani anaisikiliza. Kinachochekesha ni kwamba wanamuziki walikuwa wanahama huku na huku, Muhidin Gurumo mwenyewe aliyefariki 2014 alipita kotekote. Wengi wa waanzilishi wametangulia mbele za haki, wanaopiga sasa ni wadogo zao na watoto wao kimuziki, na kuna watu watakwambia sio ile ya zamani. Waache. Ikifika saa 5 trampeti na saksafoni zikianza kujibizana na mzee mmoja wa miaka sabini akainuka na suti yake kwenda kucheza taratiibu mbele ya jukwaa, hapo utaelewa kwanini mtu anatoka Mbagala kuja Kinondoni kila wiki.

Ukisikia kuna mpambano, Msondo na Sikinde jukwaa moja au kila mmoja na jukwaa lake ukumbi mmoja, usikose. Mara nyingi inakuwa sikukuu. Nunua tiketi mapema, na kaa upande wa timu unayoipenda.

Mambo madogo ya kujua humo ndani. Nyimbo za dansi zina sehemu mbili, kwanza mashairi watu wametulia, wanaimba, wanakunywa, af inakuja chemko ndo watu wanaamka, kwaiyo usiwe wa kwanza kuruka mwanzoni mwa wimbo halafu ukachoka katikati. Ukitaka wimbo fulani usipige kelele kutoka kwenye meza, andika kikaratasi au mwambie mhudumu, au nenda mwenyewe mbele na noti, mpe kiongozi wa bendi mkononi mwambie wimbo. Sio lazima iwe nyingi. Ndo maana nasema hela ya aina gani, kabla hujatoka nyumbani vunja hela upate noti za elfu moja moja na elfu mbili mbili, maana ukiwa na ya elfu kumi peke yake utakuwa na uchungu wa kuitoa, na kumuomba mwanamuziki chenchi jukwaani hiyo aibu siitaki hata kuifikiria.

Hizi bendi za hotelini na lounge za Masaki na Mikocheni nazo zipo, katikati ya wiki zinakuwa nyingi, kuingia bure ila soda moja bei ya tatu. Wanapiga nyimbo za watu wengine zaidi ya zao. Wapo wanaojua sana lakini, vijana waliokulia kanisani kwenye vyombo, kwaiyo kama ofisi yako iko huko na unasubiri foleni ipungue, kaa.

TAARAB NA KUTUNZA

Taarab ya Dar sio ile ya Unguja ya kukaa kimya na kusikiliza kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi) na fidla. Unguja wana Nadi Ikhwan Safaa tangu 1905 na Culture Musical Club tangu 1958, huko mambo ni ya adabu, watu wanakaa kwenye viti wamevaa vizuri na wanatikisa kichwa. Huku kwetu ni taarab ya kisasa, kinanda cha umeme, gitaa, ngoma nzito, na mipasho. Bi Khadija Kopa ndo wanamuita malkia wake na hadi leo ukisikia yupo sehemu ujue kutajaa.

Kitu cha kuelewa kabla hujaenda ni kutunza. Mtu akisimama na noti juu anacheza kwenda mbele kumpa mwimbaji, hapo hatoi shukrani tu. Anasema ujumbe. Kama beti linamsema jirani mwenye wivu, na dada akainuka kwenye meza namba tatu akatunza huku anaangalia meza namba saba, basi meza namba saba wameambiwa. Na wao watasubiri beti lao watainuka. Kwaiyo wewe mgeni usiinuke kutunza wimbo ambao hujasikiliza maneno, unaweza ukajikuta umeingia kwenye ugomvi wa watu wa Magomeni ambao hauujui ulianza mwaka gani. Sikiliza kwanza, uliza uliyekaa naye, af ukiona wimbo ni wa mapenzi tu au wa kumsifu mama hapo inuka kwa raha zako.

Na simu weka chini. Kina mama wengi wanakuja pale kujiachia, wamevaa madera yao wamenukia udi, hawataki kujiona kesho asubuhi kwenye stetasi ya mtu wasiyemjua. Mwimbaji rekodi, watu usirekodi.

SINGELI

Hii imezaliwa uswahilini, Manzese, Tandale, Mburahati huko, imetoka kwenye mchiriku wa vile vinanda vidogo, na kwenye vipande vya taarab vinavyokatwa na kuongezwa spidi mpaka mapigo yanapita 200 kwa dakika, kuna zinazokaribia 300. Vijana wa studio ya Sisso pale Mburahati kazi zao zilitolewa 2017 na lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, na tangu hapo singeli inapigwa kwenye matamasha ya Ulaya, wakati hapahapa mjini kuna watu wa Masaki hawajawahi kuiona laivu hata mara moja, wanaijua ya Tiktok tu.

Kuiona mahali pake ni kwenye kigodoro, yani sherehe ya mtaani usiku, harusi au kumtoa mwali, spika zimepangwa barabarani na emsii anachana bila kupumua. Sasa vigodoro vimepigwa marufuku na kuruhusiwa na kupigwa marufuku tena kwa sababu za fujo na kelele, kwaiyo usitegemee tangazo. Unaenda kwa mwenyeji, hapo hamna njia ya mkato, uwe na mshkaji anayekaa mtaa huo akwambie "njoo leo", uende naye, ukae naye, uondoke naye. Usiende na kamera kubwa. Usiende na viatu unavyovipenda. Na kama masikio yako ni ya kuhurumia weka pamba, sitanii, zile spika ni za kumfanya mtu asikie kifuani.

Kama hiyo ni nzito kwako subiri sikukuu, Idd mosi na Idd pili hasa, kuna shoo za singeli kwenye kumbi zenye geti na walinzi, Dar Live kule Mbagala imekuwa sehemu ya hayo mambo miaka mingi. Pia matamasha makubwa ya redio na lebo, Fiesta na Wasafi Festival, siku hizi lazima wapange emsii wa singeli kati ya Bongo Fleva, na mara nyingi ndo anayeamsha uwanja kuliko mwenye jina kubwa lililoandikwa juu kwenye bango.

Tukiongelea Idd, kalenda ya hapa uijue. Usiku wa kuelekea Ramadhani kuna vunja jungu, kila kona inawaka, bendi zinapiga mpaka zinachoka. Halafu mwezi mzima muziki wa kumbini unapungua sana, bendi nyingine zinapumzika au zinafanya mazoezi ya nyimbo mpya. Ndo mwezi mzuri wa maonyesho ya picha na filamu, mchana na jioni. Af Idd mosi kila bendi iko mahali na nyimbo mpya. Kama unaletewa mgeni kutoka mkoani au nje na unataka aone muziki usimlete katikati ya Ramadhani halafu ukaulaumu mji.

FILAMU

Ukitaka sinema za kawaida za nje zipo Century Cinemax, Mlimani City na matawi yake, uliza siku ya ofa katikati ya wiki, na filamu ya Kitanzania ikiwekwa pale iwahi wiki ya kwanza. Nasema iwahi kwasababu zinakaa muda mfupi, wanaangalia watu wa siku mbili tatu za mwanzo, viti vikiwa vitupu inaondolewa kimyakimya, af watu wanaanza kuulizana iko wapi. Uzinduzi wenyewe mi siupendi, ni zulia jekundu na picha, filamu inaanza kwa kuchelewa na nusu ya ukumbi wanaongea. Nenda kesho yake, bei ndogo na utaiona filamu.

Za bure ndo nataka uzijue. Goethe na Alliance wanaonyesha filamu mara kwa mara, sio za Kijerumani na Kifaransa tu, za Kiafrika pia, na za vijana wa hapa ambao hawana hela ya kukodi ukumbi. Mara nyingi mtengenezaji mwenyewe yupo na mnaongea naye baada ya hapo. Kuna kundi linaitwa Ajabu Ajabu, hao wanafanya maonyesho ya filamu ambazo huwezi kuziona popote, za zamani za Kitanzania na za majaribio, wafuate mtandaoni. Kuwa tu na uvumilivu na feni.

Na vibanda umiza jamani. Watu wazima wanajifanya hawavijui. Mbao, mabati, benchi, skrini moja, mia chache, na sauti ya mtu anayetafsiri filamu ya Kichina kwa Kiswahili na kumpa staringi jina la mtaani na kumtukania adui. Ile ni sanaa, anayetafsiri anafanya kazi ya msimulizi, filamu mbovu anaifanya nzuri. Ukitaka kuona hadhira inayoshiriki nenda huko, sio Mlimani City ambako ukicheka kwa nguvu unageuziwa shingo.

Na mji huu ulikuwa mji wa sinema kwelikweli, Avalon, Empire, Empress na nyingine kibao katikati ya mji, na kule Msasani kulikuwa na drive-in tangu 1966, familia zinaenda na gari na sufuria la pilau. Muulize mzee yeyote wa Kariakoo akusimulie, huo nao ni usiku mzuri na hauna kiingilio.

PICHA, VINYAGO, NGOMA

Nafasi Art Space iko Mikocheni B upande wa viwandani, tangu 2008, wasanii wanafanyia kazi kwenye makontena na unaweza kuwaona wakichora, wakichomelea, wakichonga. Kuangalia maonyesho kwa kawaida ni bure. Siku ya ufunguzi kuna soda na bisi na watu wamependeza, nzuri kwa kujuana na watu, lakini picha huzioni maana kuna mgongo wa mtu mbele ya kila moja. Nenda Jumatano mchana. Msanii yupo, bisha hodi, mwambie nimekuja kuangalia tu, hamna anayekufukuza. Swali la kwanza lisiwe "hii bei gani", muulize ametumia nini na kwanini, bei itakuja yenyewe na itakuwa nzuri zaidi.

Tingatinga wako Oysterbay pale Morogoro Stores, barabara ya Haile Selassie. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akaanza kuchora kwa rangi za mafuta zile za kung'aa juu ya vipande vya hardboard miaka ya mwisho ya 60, akauawa 1972 na risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine, ila wanafunzi na ndugu zake wakaendeleza na leo kuna ushirika. Wabongo tunapapita tunadhani ni pa wazungu. Si kweli, picha ndogo zipo za bei ya mtu wa kawaida, na ukinunua kwa aliyeichora umejua hela imeenda wapi. Wanaweza kukuchorea unachotaka pia, mpe siku kadhaa. Vinyago vya mpingo ni Mwenge, pita ndani kabisa nyuma ya maduka ambako wachongaji wamekaa chini na tindo zao, bei ya mbele na bei ya nyuma ni vitu viwili tofauti.

Makumbusho ziko mbili na watu wanazichanganya. Ya mjini iko Shaaban Robert Street, ina ukumbi wa kisasa na huwa kuna tamthilia, mashairi na maonyesho. Kijiji cha Makumbusho kiko Kijitonyama, barabara ya Bagamoyo, nyumba za makabila mbalimbali na ngoma za asili. Kote beba kitambulisho, NIDA au chochote, bei ya Mtanzania na ya mgeni hazilingani. Tamthilia nzuri zaidi kwa maoni yangu ni za wanafunzi wa idara ya sanaa pale Chuo Kikuu Mlimani, mwisho wa muhula wanapofanya kazi zao za kupimwa, hawatangazi sana, mjue mwanafunzi mmoja tu atakutumia bango.

KUTOKA NJE YA MJI KIDOGO

Bagamoyo ni kama kilomita 70, gari zipo stendi ya Makumbusho. TaSUBa, chuo cha sanaa, wana tamasha lao kila mwaka, mara nyingi kati ya Septemba na Novemba, ngoma, sarakasi, maigizo, na ni rahisi mno ukilinganisha na unachokiona. Unaweza kwenda na kurudi siku hiyo lakini ukifanya hivyo unakosa za usiku ambazo ndo bora, kwaiyo tafuteni chumba watu wawili watatu mchangie, na mkitafute mapema.

Unguja kuna Sauti za Busara kila Februari, lilianza 2004, na kwa miaka mingi kitovu chake kimekuwa Ngome Kongwe pale Mji Mkongwe. Tamasha hili linategemea wafadhili, 2016 halikufanyika kwa kukosa hela, kwaiyo usikate tiketi ya boti kabla ratiba haijatoka. Wabongo tuna bei yetu ya chini kabisa, wengi hawajui wanaona bei ya wageni mtandaoni wanafunga ukurasa. Hela yako kubwa itaenda kwenye boti na kulala, sio tiketi. Kama huna kabisa nenda siku ya ufunguzi, maandamano ya barabarani yenye beni na ngoma ni ya bure. ZIFF, la filamu, lilianzishwa 1997, tarehe zake zimekuwa zikihama kati ya Juni na Agosti, angalia za mwaka husika.

KUNUNUA TIKETI NA KURUDI NYUMBANI

Shoo kubwa tiketi za mapema zinakuwa rahisi kuliko za mlangoni. Lipa kwa lipa namba iliyo kwenye ukurasa wenyewe wa tamasha, na kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalotokea, likija jina la mtu binafsi usiyemjua acha. Anayekuuzia "tiketi ya rafiki yangu aliyepata safari" kwenye komenti mwache amuuzie rafiki yake mwingine. Ukishalipa piga picha ya ujumbe, maana mlangoni mtandao ukigoma hamna atakayekusikiliza.

Usiku usitegemee mwendokasi wala daladala kukurudisha. Panga kabla hujatoka, aidha bodaboda wa kijiweni kwenu unayemjua kwa jina mkubaliane saa na bei kabisa, au mjazane kwenye Bolt watu wa njia moja. Toka nyimbo mbili kabla ya mwisho, wote mkitoka pamoja bei ya Bolt inapanda mara mbili na madereva wanaanza kukataa safari za mbali. Agizia gari ukiwa ndani ya geti, simu ikishafika mkononi barabarani kuna watu wa pikipiki wanaipitia wala hawasimami. Na kama mnakaa Kibaha, Bunju au Chanika huko, acheni kujitesa, chagueni zile za Jumapili jioni, ikifika saa 3 mko kwenye gari.

Ratiba za wiki hii za bendi mnazozijua ziwekeni hapo chini, na namba iliyoandikwa kwenye bango, watu wapige wenyewe.